Maili hamsini kwenda kuomba radhi

Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, unyenyekevu haupimwi kwa upole wa sauti wala kwa kuinamisha kichwa kanisani. Hupimwa kwa mambo matatu: mtu kulitaja kosa lake waziwazi, kumwendea aliyemkosea, na kurudisha alichochukua. Desturi hiyo, iliyokua katika miaka ya 1930 kwenye vilima vya Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda, iliwazoesha watu wa kawaida kuaibika kwa hiari yao. Siku zilipokuja kuwa mbaya, wengi wa waliozoeshwa hivyo hawakuyumba. Namna mazoea hayo yalivyozaa uthabiti huo inaonekana wazi katika maisha ya mtu mmoja: Festo Kivengere, mchunga ng'ombe, mwalimu, na hatimaye Askofu wa Kigezi.

Chimbuko la Uamsho linafahamika. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikuwa amechoshwa na njaa kali iliyoikumba nchi hiyo na kazi isiyoisha. Akiwa Kampala alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, pale Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Kigozi alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini wakati huo moto ulikwishavuka hadi Kabale, na baadaye ukafika Bukoba, Dodoma na Kenya. Waliookoka wakaitwa Balokole, au walokole kwa Kiswahili. Wimbo wao, Tukutendereza, huimbwa mpaka leo kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo.

Ushirika, yaani mkutano wao, hauna mengi ya kutazama. Watu huketi, husoma kifungu cha Biblia, huomba. Kisha mmoja husimama, husalimia kwa "Bwana asifiwe", na kueleza mwenendo wake wa siku zilizopita: alivyomdanganya mwajiri, alivyomjibu mkewe kwa ukali, alivyomwonea wivu ndugu aliyeketi mbele yake. Kusema "nimekosa mengi" hakutoshi. Hutakiwa kusema nini, lini na kwa nani. Akimaliza, wenzake humwimbia na kumkumbatia, na mwingine husimama. Wenyewe huita hali hiyo kutembea nuruni.

Si jambo jepesi katika jamii zilizolelewa kwa msemo wa funika kombe mwanaharamu apite. Aibu ya nyumba hubaki nyumbani, na mtu mzima ni heri afe na tai shingoni kuliko kukiri udhaifu wake mbele ya vijana. Wazee wengi walikasirika kusikia mambo ya chumbani yakianikwa hadharani. Maofisa wa kikoloni walilalamikia nyimbo za usiku. Kanisa lenyewe liliingiwa na wasiwasi: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa baada ya kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa Uamsho.

Tena toba ya maneno matupu haikuhesabika. Aliyeiba alirudisha. Ng'ombe walirudi kwa wenyewe, vifaa vya misheni vilirudi stoo, na wako waliokwenda kulipa kodi waliyokuwa wameikwepa.

Mwaka huohuo wa 1941 Uamsho ulimfikia Kivengere. Alikuwa amezaliwa mwaka 1919 katika jamii ya wafugaji kusini magharibi mwa Uganda, akasoma shule za misheni, akawa mwalimu. Alikuwa pia ameliacha kanisa, alikunywa pombe, na walokole walimkera. Alivyosimulia mwenyewe, siku moja alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli akiwa amelewa, akakutana na rafiki yake naye yuko juu ya baiskeli, anakuja mbio. Rafiki hakumhubiria. Alimwambia kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa halisi kwake na kwamba anajua dhambi zake zimesamehewa. Kisha akaanza kumwomba Kivengere radhi, akiyataja makosa yake moja baada ya jingine. Alipomaliza akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kivengere alieleza kwamba hakuna hotuba ambayo ingemfanyia lile lililofanywa na radhi ile. Ubishi wa dini alikuwa na majibu yake. Kwa mtu anayesema "nilikukosea kwa jambo hili" hakuwa na jibu. Alifika nyumbani hana raha, akapiga magoti chumbani, na kumwomba Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Hakuyapamba maombi hayo kila alipoyasimulia: alimwambia Mungu kwamba kama yupo, na kama anaweza kumsaidia, basi amsaidie sasa hivi.

Baada ya kuokoka, zamu ya baiskeli ikawa yake. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye Kivengere alimchukia, aliyeishi maili hamsini kutoka kwake, yaani kilomita 80 hivi. Katika nchi ile ya vilima safari kama hiyo ni ya kupanda na kushuka, na penye mwinuko mkali baiskeli husukumwa kwa mkono. Ni saa nyingi za mtu kujiuliza anakwenda kusema nini, na nafasi nyingi za kugeuza. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Mwafrika hakuzoea kufika kwa Mzungu ila kwa kuitwa au kwa shida. Kivengere alifika kumwambia mwenye nyumba kwamba alimchukia, kwamba Kristo amemfungua kutoka katika chuki hiyo, na kwamba sasa anamwona ndugu. Alisimulia kwamba Mwingereza yule, mtu wa watu wasioonyesha moyo wao kirahisi, alilia, na wawili hao wakasimama wamekumbatiana.

Msomaji wa leo hawezi kukipita kisa hiki bila kujiuliza nani kati yao alikuwa na deni kubwa zaidi. Mtawaliwa ndiye aliyepanda baiskeli. Kivengere hakulikwepa jambo hilo, ila alilitazama kwa upande wake: chuki ilikuwa yake, ilimla yeye, na hakutaka kusubiri mtu mwingine atubu ndipo yeye apone.

Alikuwa mkali vivyo hivyo kwa nafsi yake katika mambo madogo. Kisa alichopenda kuwachekesha nacho wasikilizaji wake ni cha siku aliyogombana na mkewe, Mera, muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Roho Mtakatifu, alivyosimulia, alimwambia arudi akapatane na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Akajibiwa kwamba vyema, aende akahubiri, lakini Roho atabaki palepale na Mera. Mhubiri akageuza njia, akarudi kutubu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 Kivengere na Mera waliishi Dodoma, alikokuwa mwalimu kwa miaka kadhaa. Kiswahili chake kilikomaa huko, na Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Kufikia hapo Uamsho ulikwishapimwa kwa damu nchini Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, ndugu wa ushirika katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa vilevile kubeba silaha pamoja na homgadi wa serikali. Kila upande uliwaona wasaliti, na baadhi yao waliuawa. Kanisa lililojengwa Murang'a kuwakumbuka lina michoro mitano ya ukutani ya Elimo Njau, msanii kutoka Kilimanjaro, inayoyaweka maisha ya Yesu katika mandhari na sura za Kiafrika, tangu kuzaliwa hadi msalabani.

Kivengere alikuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, Idi Amin akiwa madarakani. Februari 1973 watu watatu waliuawa hadharani kwa risasi katika uwanja wa Kabale, na maelfu ya wananchi walikusanywa kutazama. Askofu aliomba ruhusa ya kuzungumza na waliohukumiwa. Alikiri baadaye kwamba alipovuka uwanja kuwaendea hakujua la kuwaambia. Mtu anayekwenda kufa dakika chache zijazo hafarijiwi kwa maneno ya kawaida. Aliwajia kwa nyuma. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Kabla hajafungua kinywa, mmoja alimshukuru kwa kuja, akamwambia kwamba alimpokea Yesu akiwa mahabusu, kwamba hakuna tena kitu kati yake na Mungu, na akamwomba awafikishie ujumbe huo mke na watoto wake. Wenzake wakasema vivyo hivyo, wakiinua mikono yenye pingu. Askofu aliyekuja kufariji ndiye aliyefarijiwa. Kisha bunduki zikalia. Imani haikuzizuia, na Kivengere hakuwahi kuhubiri kwamba ingezizuia.

Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya viongozi wenyewe. Mapema Februari 1977 askari waliipekua usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtoto wa Uamsho aliyeokoka mwaka 1948. Maaskofu, Kivengere akiwamo, walimwandikia Amin barua nzito wakilaani upekuzi huo na mauaji yaliyoenea nchini. Barua hiyo ni muhimu kwa kila anayedhani kwamba mnyenyekevu hana budi kunyamaza: waliozoea kutaja dhambi zao wenyewe walizitaja na za serikali. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa. Serikali ikatangaza kwamba amefariki katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Mwili wa Luwum ulikuwa na matundu ya risasi.

Siku chache baadaye Kivengere na Mera walitoroka. Walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda.

Uhamishoni ndiko Kivengere alikokutana na jaribu alilolisimulia kwa uchungu kuliko yote. Aliligundua akiwa kanisani London, siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo. Akiyatafakari maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha, alijiona amejaa chuki dhidi ya Amin, na kwamba chuki hiyo inaukausha moyo wake. Alijiuliza: kama aliyeshika nyundo ya kugongomea misumari angekuwa Amin, je, Yesu angemtoa Amin katika sala yake? Alitoka hapo amekwisha kumsamehe. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake lilieleza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishtuka, na wako waliochukizwa. Yeye aliendelea kuyafichua kwa ulimwengu maovu ya utawala ule, na hakuona mgongano wowote kati ya kumsamehe mtu na kuyapinga matendo yake.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipomwondoa Amin mwaka 1979, Kivengere alirudi Kigezi. Alifariki Nairobi mwaka 1988 kwa saratani ya damu. Sanamu ya Luwum imesimama katika Westminster Abbey tangu 1998 miongoni mwa mashahidi kumi wa karne ya 20, na nchini Uganda tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa.

Swali gumu kuliko yote kuhusu urithi huu liko mahali ulikoanzia. Mwaka 1994 Rwanda, nchi ya Gahini, ilipatwa na mauaji ya kimbari, na watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo. Wako walokole waliokufa kwa kukataa kuwatenga wenzao kwa kabila. Hata hivyo nchi iliyojifunza kuungama kwa miongo sita haikuokolewa na maungamo hayo. Pengine sababu moja ni kwamba dhambi zilizozoeleka kutajwa ushirikani zilikuwa za mtu mmoja mmoja: wizi, uzinzi, pombe, hasira. Chuki ya kundi zima haina mtu mmoja wa kusimama na kusema ni yake.

Mahakama za kijamii za gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, ziliwataka washtakiwa wakiri mbele ya majirani: walimuua nani, wapi, pamoja na nani. Waliokiri walipunguziwa adhabu. Kwa sura, ni jambo lililo karibu na lile la ushirika. Lakini katika ushirika hakuna hukumu ya kupunguzwa, na kipimo cha mwisho cha toba kilikuwa kurudisha kilichochukuliwa. Ng'ombe hurudishwa, na kodi hulipwa. Aliyetoa uhai wa jirani hana cha kurudisha, na aliyefiwa hana namna ya kujua kama radhi anayoombwa imetoka moyoni au imetoka kwenye hesabu ya miaka ya kifungo.