Maua ya sebuleni: tuyatunze bila kufuga mbu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia sebuleni. Katika nyumba nyingi za bonde la Kilombero utakuta kopo la maua karibu na mlango au juu ya kabati. Ni jambo jema. Mmea wa majani mabichi huipendeza nyumba, hufurahisha macho ya mgonjwa aliyelala, na huwafundisha watoto kutunza kitu chenye uhai. Lakini mmea huo huo, usipotunzwa vizuri, waweza kuleta homa nyumbani.

Hivi karibuni tulimtembelea mama mmoja mjini Ifakara. Alitulalamikia kuhusu ua lake: "Kila asubuhi nalinywesha, mbona linazidi kuwa manjano?" Tuliinua kopo. Kisahani cha chini kilikuwa kimejaa maji, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wakipinda na kujinyoosha. Mama yule alishika kichwa. Watoto wake walikuwa wakilala ndani ya chandarua kila usiku, kumbe mbu walikuwa wakizaliwa hatua tatu tu kutoka kitandani.

Mmea hufa kwa kiu, na pia kwa maji

Watu wengi hudhani mmea unaonyauka unataka maji. Mara nyingi sivyo. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji siku zote, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea unashindwa kunywa hata kama umesimama ndani ya maji. Hapo majani hugeuka manjano na shina hulegea karibu na udongo. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza maji tena, na ndivyo anavyoumaliza.

Udongo mweusi wa mabondeni kwetu ni mzuri kwa mpunga kwa sababu unashika maji. Kwa sababu hiyo hiyo haufai peke yake ndani ya kopo. Uchanganye na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Pumba ngumu za mpunga, zile zinazorundikwa kwenye mashine za kukoboa, nazo husaidia kuulegeza. Kisha toboa matundu manne au matano chini ya kopo ili maji yapate pa kutokea.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, acha. Ukisikia ukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yale ya kisahani. Wakati wa masika mmea wa ndani waweza kukaa wiki nzima bila kuhitaji maji.

Ni mbu gani huyu?

Sisi wa Kilombero tumezoea kumfahamu mbu wa malaria. Huyo huzaliana kwenye majaruba, madimbwi na kingo za mito, na huuma hasa usiku. Mbu wa kisahani cha maua kwa kawaida ni mwingine. Ni mweusi, ana mistari meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Chandarua cha usiku hakimzuii. Yeye hupenda maji machache yaliyotulia karibu na watu: matairi chakavu, makopo yaliyotupwa, mitungi isiyofunikwa, vyombo vya maua. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamemkuta hapa hapa mjini.

Mbu huyu anaweza kuambukiza homa ya dengi, ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo, na pia chikungunya. Jina hili la pili ni letu. Linatoka katika lugha ya Kimakonde, na lina maana ya kujipinda, kwa jinsi mgonjwa anavyoumwa viungo. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kusini mwa nchi yetu mwaka 1952 na 1953. Dengi nayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na 2019. Tukumbuke kwamba mabasi na treni ya TAZARA huleta wasafiri kwetu, na mgonjwa mmoja akiumwa na mbu wa hapa, homa yaweza kuenea.

Kwa hiyo si kila homa ni malaria. Mtu akipata homa kali, maumivu ya viungo au maumivu nyuma ya macho, aende kupimwa. Asimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Asitumie aspirini, kwa maana katika dengi huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kazi ya kila Jumamosi

Yai la mbu huyu huchukua kama siku saba hadi kumi kuwa mbu mkamilifu. Basi tukifanya kazi hii mara moja kwa wiki, tunamkatiza njiani.

1. Mwaga maji ya visahani vyote juu ya ardhi kavu, si kwenye chombo kingine.
2. Sugua kisahani kwa brashi au maganda ya nazi. Mbu hutaga mayai ukingoni juu ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi mingi, kisha yakaanguliwa siku maji yanaporudi. Kumwaga tu hakutoshi.
3. Ukipenda, jaza kisahani mchanga. Maji yatanyonywa, na mbu hatapata pa kutagia.
4. Mmea unaoishi ndani ya chupa ya maji ubadilishiwe maji yote, na chupa isuguliwe ndani.
5. Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji safi. Usipake mafuta. Ukiona wadudu weupe kama pamba, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Tusisahau vyombo vya maua kanisani, na makopo tunayoyaacha makaburini mwezi wa Novemba. Mvua zikianza, nayo hujaa.

Mahali pa kuuweka

Mimea mingi ya majani tunayoiweka ndani asili yake ni misitu. Ukipanda kutoka Mang'ula kuingia msitu wa Udzungwa, utaona mimea ya chini inavyoishi: mwanga upo, lakini umechujwa na miti mikubwa. Uuweke mmea wako vivyo hivyo, karibu na dirisha, pasipo jua kali la mchana. Jua la Oktoba huyachoma majani yakawa na mabaka ya kahawia. Katika kona ya giza nako shina hurefuka na kudhoofu.

Wazazi, angalieni watoto

Nani hajawahi kuwashwa koo kwa magimbi yasiyoiva? Mimea mingi ya sebuleni yenye majani mapana, ile yenye mabaka meupe na ile inayotambaa yenye majani ya umbo la moyo, ni jamaa ya magimbi. Ndani yake mna chembe kali kama sindano ndogo. Mtoto akitafuna jani, mdomo huwaka na ulimi waweza kuvimba. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue, mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe. Akipumua au kumeza kwa shida, mkimbize hospitali. Iliyo bora ni kuiweka mimea hiyo mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Mwisho, wapo wanaosema mimea husafisha hewa ya nyumba. Maneno haya yalienea baada ya majaribio ya Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Katika nyumba ya kawaida msaada huo ni mdogo sana. Dirisha lililo wazi ndilo linalosafisha hewa na kupunguza hatari ya kifua kikuu.

Yule mama wa Ifakara sasa amempa binti yake wa darasa la nne kazi ya visahani. Tulipopita tena, jani jipya lilikuwa limechipua, na kisahani kilikuwa kikavu. Nawe msomaji, kabla hujaufunga ukurasa huu, inuka ukaangalie chini ya kopo lako.