Mbwa anayelala muchana si muvivu



Katika mikutano yetu ya ufugaji tunazoea kuongea juu ya mbuzi, kuku na nguruwe. Mbwa hatumutaji, na kumbe ni yeye analala inje karibu na nyumba ya mbuzi na depo ya maharagi, na mwizi akikuja ni yeye anamusikia wa kwanza. Malalamiko tunayosikia juu yake ni moja tu: "Mbwa yangu iko muvivu, inalala tu kutwa nzima." Wengine wanamupiga fimbo juu ya ile. Wengine wanamufukuza na kutafuta mwengine, na ule mwengine naye analala.

Analala juu ndivyo mwili wake unaomba. Mbwa mukubwa mwenye afya anahitaji karibu saa 12 mpaka 14 za usingizi ndani ya saa 24. Mutoto wa mbwa anaweza kufikisha saa 18 ao 20, na mbwa muzee naye anarudilia kulala mingi. Mutu mukubwa anatosheka na saa 7 ao 8. Basi tukimupima mbwa kwa kipimo chetu, hakuna mbwa hata mumoja ataonekana mwenye bidii.

Tena usingizi wake haufanane na wetu. Sisi tunalala moja kwa moja mpaka jogoo. Yeye analala kwa vipande. Watafiti waliochunguza mbwa usiku walikuta kwamba mbwa analala dakika 16 hivi, anaamuka dakika 5 hivi, anarudi kulala, na inaendelea vile usiku muzima. Ndiyo maana anafaa kwa ulinzi. Lakini vipande vya usiku peke yake havifikie saa 12. Kama usiku amepata saa 6, anadai zingine 6 mpaka 8, na deni ile inalipwa muchana. Ule unayemuona amejinyoosha chini ya muti wa avoka saa 4 ya asubui ni mulinzi ametoka ku zamu.

Shida kubwa tunayoiona vijijini iko hapa: mbwa mumoja, kazi mbili. Wakati mahindi inakomaa, asubui anapelekwa mu shamba kufukuza nyani. Mangaribi anarudi, anafungwa ku mulango wa depo. Siku ya soko anamufuata mwenyeji wake kilometa 10 za kwenda na 10 za kurudi. Watoto wakitoka ku masomo wanamuvuta mukia wacheze naye. Usiku wa tatu ao wa ine mwizi anapita na mbwa habweki. Kesho yake watu wanasema alilishwa dawa. Inaweza kuwa kweli, hatukatai. Lakini muhesabie kwanza saa zake.

Shauri letu ni hili: muchague. Mbwa wa kufukuza nyani muchana, usiku mumuache alale. Mbwa wa kulinda usiku, asubui apate maji na chakula, hata bugali na vichwa vya sambaza, halafu alale mpaka saa 9 hivi bila mutu kumutuma. Mahali koperative iko na depo moja na wanamemba wawili wenye mbwa, wapokezane usiku mumoja mumoja, ila wale mbwa wazoezwe kwanza ile fasi.

Na fasi ya kulala ina maana. Mbwa aliyefungwa ku jua kwa kamba ya metre moja halali; anahema tu. Mbwa hatoki jasho mwili muzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo kwa wenzetu wa Uvira, Fizi na Kalemie kivuli na maji ni lazima. Kwa wa milima ya Lubero na Masisi shida ni baridi na udongo wenye maji: mutandikie nyasi kavu ao mifuko ya zamani juu ya mbao, chini ya paa. Ile mifuko mukungute na muanike ku jua mara kwa mara, juu mayai ya viroboto yanaangukia pale pale anapolala. Muangalie pia nyayo. Mbwa mwenye funza anajilamba usiku kucha, na muchana munasema ni muvivu.

Wazee wanasema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Kwa mbwa ile ni maneno ya kweli kabisa. Mbwa akiwa mu usingizi muzito anatikisa miguu, anaguna, unaona kama anakimbia. Mutoto anaona ni muchezo, anamushika. Mbwa anaruka na kuuma mbele ya kujua ni nani. Mufundishe watoto kumuita jina kwa mbali na kungoja anyanyue kichwa. Kwa mbwa muzee asiyesikia vizuri, mupige mguu chini ili asikie mutikisiko.

Sasa, kuko kulala kwa ugonjwa. Mbwa anayelala kuliko desturi yake, tena anakataa chakula, anakonda, ao ufizi wake umekuwa mweupe, anaweza kuwa na minyoo ao magonjwa inayoletwa na kupe, muonyeshe veterineri. Kinyume chake ndicho kinatuogopesha zaidi: mbwa aliyekuwa mupole ambaye kwa gafla hatulii tena, anazungukazunguka, sauti imebadilika, mate yanatoka, anauma hata miti. Ile inaweza kuwa kichaa ya mbwa. Musimukaribie, mufungie watoto ndani, na muite veterineri ao wakubwa wa kijiji.

Mutu akiumwa na mbwa, hata kama kidonda ni kidogo, kioshwe palepale kwa maji mingi na sabuni dakika 15 nzima, halafu aende ku kituo cha afya siku ile ile, asingoje dalili. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa wenu wapewe chanjo kila kampeni ya chanjo inapofika.