Karamu ya Kravati Nyeupe

Mtu apewa kadi ya karamu. Chini yake yameandikwa maneno mawili: kravati nyeupe. Akiwa hana habari, atavaa suti yake ya arusi na kufunga shingoni kravati ndefu nyeupe. Masikini! Mlangoni ataona haya, maana maneno yale mawili yaagiza vazi zima, toka kola hata viatu.

Tuwaeleze basi, wasomaji wapenzi. Koti ni jeusi. Mbele limekatwa kiunoni, nyuma lina mikia miwili ifikayo magotini, wala halifungwi kamwe. Mkato huo watoka zamani za wapanda farasi, waliotaka nguo isiwazuie mapaja. Suruali nyeusi ina kanda mbili za hariri ubavuni mwa kila mguu. Shati ni jeupe, kifua chake kimetiwa wanga hata kikawa kigumu kama ubao. Kola yasimama, na ncha zake zimekunjwa kama mabawa. Juu yake huvaliwa kizibao cheupe cha pamba. Kravati yenyewe ni ya kipepeo, nyeupe, nayo hufungwa kwa mkono. Viatu ni vyeusi, vinang'aa kama kioo.

Hapa wengi hukosea: kizibao kikichungulia chini ya koti, hata upana wa kidole, vazi lote limeharibika. Ndiyo maana suruali hupanda juu kuliko zetu za kila siku, ikashikwa kwa kanda za mabegani. Saa ya mkono huachwa nyumbani, kwani kwa desturi ya kale mgeni atazamaye saa amvunjia mwenyeji heshima. (Twakiri kwamba desturi hii yatupendeza kuliko zote.) Wala mtu asivae kravati nyeusi mahali pa nyeupe: katika hoteli kubwa za Ulaya, koti lile lile na kravati nyeusi lilikuwa vazi la watumishi wa mezani. Mabibi huvaa gauni lifikalo chini.

Siku hizi karamu za namna hii zimebaki chache. Iliyo mashuhuri ni ile ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 10 Desemba, siku aliyokufa Alfred Nobel mwaka 1896. Mfalme huwakabidhi washindi tuzo zao, na jioni wageni wapata 1,300 hula pamoja katika Jumba la Jiji. (Huko Oslo, alikopokea Tuzo ya Amani daktari wetu Denis Mukwege wa Bukavu mwaka 2018, sheria ya mavazi si kali hivyo.) Je, mtaalamu aliyekaa miaka thelathini katika maabara ana koti lenye mikia kabatini? Mara nyingi hana. Hulikodi, akalirudisha baada ya sikukuu. Hivyo mwenye mali na asiye nayo hufanana mezani.

Tena kuna mlango mwingine: vazi la taifa lakubaliwa, nalo lahesabiwa sawa. Mwaka 1968 Kawabata Yasunari, mwandishi, alisimama mbele ya mfalme na mavazi ya Kijapani. Mwaka 1979 Abdus Salam wa Pakistani, mtaalamu wa fizikia, alivaa kilemba, koti refu la kwao, na viatu vyenye ncha zilizopinda juu. Mwaka 1982 Gabriel García Márquez wa Kolombia alikuja na liqui-liqui, suti nyeupe yenye kola ifungwayo shingoni, isiyohitaji kravati yo yote.

Sisi wa Kongo twasoma habari hizo kwa moyo wa pekee. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru wanaume waache suti na kravati, wavae abakosti. Amri hiyo ilidumu hata Aprili 1990. Wengine waliipenda abakosti, na kweli ilikuwa na heshima yake. Ila vazi la amri na vazi la hiari si kitu kimoja, hata kitambaa kikiwa kimoja. Kawabata angaliweza kukodi koti lenye mikia, wala hakuna askari ambaye angalimwuliza neno.

Basi, ukialikwa siku moja, umwulize kwanza mwenyeji kama vazi la kwenu lakubaliwa, maana si kila karamu hufuata desturi ya Stockholm. Likikubaliwa, liwe lile la sikukuu kubwa, si shati la kitenge la kuendea sokoni. Lisipokubaliwa, ukodi, na kabla ya kulipa, ujaribu kuketi na kusimama mle mle dukani, ukitazama kizibao.