Je, Wajua? Jasho kwenye baridi ya Ngorongoro

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hudai blanketi nzito. Hata hivyo, mzee anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa homoni huweza kuamka ameloa jasho. Sababu ni kwamba dawa imeshusha testosteroni, homoni inayoichochea saratani hiyo, kama mtafiti Charles Huggins alivyoonyesha mwaka 1941. (Kukiwa na homa, pima malaria kwanza.) Kahawa ya moto, hata ile nzuri ya Karatu jirani, pilipili na pombe huweza kuzidisha jasho hilo. Kibaya zaidi, mifupa hudhoofika kimyakimya. Ili kuilinda, vilima vya Karatu vitembelewe kila siku, sigara iachwe. Hamu ya tendo la ndoa ikipungua, mkeo aambiwe. Usiache sindano za homoni bila kumwona daktari.