Je, Wajua? Mti Usioelea

Wewe wa Kona ya Musa huku Kwale, sogea hapa kidogo. Je, wajua kuna mti ambao ukiutupa baharini pale Diani unazama? Ni mpingo! Mita moja ya ujazo ya kiini chake hupita kilo 1,200, na maji ya ujazo uo huo ni kilo 1,000 tu.

Na weusi ule haukupakwa. Lipasue gogo uone: pembeni ni manjano hafifu, kiini ndicho cheusi ti. Ila chunga, kuna vinyago vya mti mwepesi vilivyosuguliwa rangi ya viatu. Ukiwa na shaka, kinyanyue. Mkono wako utajua.

Je, wajua klarineti za bendi kubwa za Ulaya huchongwa kwa mpingo huu huu wa Afrika? Eti wao wanapuliza, sisi twapigwa na vumbi la tezo!

Umewahi kumtazama Mmakonde akiuchonga mpingo? Wengi hukaa chini na kulibana gogo kwa nyayo, tezo ikishuka karibu kabisa na vidole vya mguu. Mimi hufumba macho. Na ile sanamu ya ujamaa, watu chungu nzima wamepandana mabegani, ni gogo moja tu. Hakuna gundi, hakuna msumari!

Sasa shika hili. Ulidhani Wamakonde ni wa Mtwara na Msumbiji pekee? Teremka Msambweni, uliza Makongeni. Walianza kuja miaka ya 1930, wengine wakafanya kazi kwenye miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge, wengine wakachonga. Wakaishi hapa miaka 80 hivi, watoto na wajukuu, bila kitambulisho cha Kenya! Oktoba 2016 mamia yao wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Februari 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Jirani yako huyo, na pengine hukujua.

Je, wajua pia kwamba uchongaji wa biashara wa Wakamba chanzo chake ni mtu mmoja? Mutisya Munge wa Wamunyu aliuona ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao Ukambani. Twiga yule wa mbao unayemwona akiuzwa ufukweni Diani, ukoo wake huo!