Jembe si aibu: mwanafunzi, bustani na viumbe wa kwetu

Achanikaye kwa mpini hafi na njaa. Methali hii twaipenda sana midomoni, lakini kijana wa chuo akileta habari nyumbani kwamba miezi yake ya kujizoeza kazi ataifanyia bustanini, wazee wengine huona haya. Wao walitaraji benki, bandarini au forodhani. Huulizana: je, tumemlipia karo miaka yote hii ili akawe mtilia maji maua?

Swali hilo lastahili jibu, na jibu haliko mbali. Liko Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa.

MASHIMO YALIYOGEUKA MSITU

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Saruji yake ilitokana na mawe ya matumbawe, na kila yalipochimbwa yalibaki mashimo mapana, meupe, yenye joto kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilikuwa zimesalimika tatu tu: mvinje, mnazi na mti mmoja uitwao damas, wenye asili ya upande wa Somalia.

Mvinje ulistawi, lakini ulikuja na shida yake. Majani yake, membamba kama sindano, yalianguka yakalundikana chini bila ya kuoza. Na majani yasiyooza hayawi udongo. Dawa ilikuwa jongoo. Haller aliwaona jongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna majani ya mvinje, akawakusanya kwa mamia na kuwaachilia mashimoni. Jongoo wakala, kinyesi chao kikawa mbolea, mbolea ikazaa udongo, na udongo ukapokea mbegu za miti mingine. Wakaja wadudu, wakaja ndege, na baadaye wanyama wakubwa wakaletwa. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, mwaka 1987 Haller akatuzwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na tangu 1999 paitwa Haller Park.

Wengi wetu twapajua kwa kisa cha Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwishoni mwa 2004, akaletwa hapo na kufanya usuhuba na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Kisa hicho kilienea duniani kote. Lakini ni wangapi wamjuao jongoo? Kiboko yule asingepata kivuli cha kulala lau si mdudu huyu ambaye sisi humponda kwa kiatu.

KAZI YENYEWE

Basi kijana apelekwaye bustanini hujifunza nini? Kwanza, hujifunza mikono yake. Huamka mapema amwagilie miche kabla ya jua kupanda, achanganye samadi na mchanga, atandaze majani makavu shinani ili unyevu usipotee. Haya babu zetu waliyajua.

Pili, hujifunza kutazama. Tuchukue mndimu. Juu ya majani yake machanga aghalabu huonekana kiwavi mdogo ambaye rangi yake ni kama kinyesi cha ndege. Asiyefunzwa hukimbilia dawa ya kuulia wadudu. Aliyefunzwa anajua kwamba kiwavi yule atakua awe kijani, ajigeuze pupa, kisha atoke kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Ikiwa mche ni mdogo, atamwokota kwa mkono amhamishie mndimu mkubwa, ambao haufi kwa kuliwa majani machache.

Elimu hiyo ina faida hata mfukoni. Huko Gede, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko Sokoke. Kipepeo hutaga mayai yake juu ya mimea maalumu tu, ile ambayo viwavi wake huila. Wakulima huipanda mimea hiyo, huwalea viwavi, na pupa wao huuzwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mtu apataye riziki kwa vipepeo wa msituni ana sababu ya kuulinda msitu wenyewe.

Tatu, hujifunza kwamba si kila kiumbe afaa kukaribishwa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu wanaotupigia kelele mijini si wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi, na walifikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Huishi kwa takataka, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hivyo kijana anayefunika pipa la taka amewasaidia chozi na mnana sawasawa na yule aliyewapandia maua.

MILA YETU

Wala tusidhani kwamba bustani ni jambo la kigeni. Ni nani asiyejua kwamba akina mama wa Mombasa na Lamu wametunza asumini, mrehani na mkilua uani, wakapata maua ya vikuba? Mrehani ukichanua, nyuki hawaachi kuuzuru. Isitoshe, Waislamu tumefunzwa kwamba apandaye mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Vipi basi tuione kazi hiyo kuwa duni anapoifanya mtoto wetu?

Kwa upande wa wale wanaowapokea wanafunzi, nao wana wajibu. Kijana asipewe fagio peke yake na kutumwa chai miezi mitatu, kisha akatiliwa muhuri katika karatasi yake. Apewe kitalu chake mwenyewe, afundishwe majina ya miti na ndege, na aulizwe kila juma ameona nini.

Na wazazi, mtoto akirudi jioni nguo zina tope, msimlinganishe na mwana wa jirani aliyepata meza benki. Muulizeni mche gani umeshika na upi umekufa, na kwa nini. Akiweza kuwajibu, karo yenu haikupotea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu tayari ameinama.