Megahezi za Televisheni, Sauti ya Zimamoto

Usiku wa tarehe 11 Aprili 2001, timu za soka za Kaizer Chiefs na Orlando Pirates zilikutana uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga, na nje ya mageti maelfu wengine walikuwa wakisukuma waingie. Watu 43 walikufa kwa kubanwa na kukanyagwa. Uwanja huo uko bondeni, chini ya mteremko wa Troyeville, mtaa wa nyumba kuukuu ulio mashariki ya katikati ya jiji.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Bernard Ngoepe ilitaja makosa mengi. Moja ndilo linalotuhusu hapa: kituo cha pamoja cha kuongoza usalama wa mechi hakikuwa na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Polisi, walinzi wa kampuni binafsi na wasimamizi wa uwanja walikuwepo wote, lakini hapakuwa na amri iliyowafunga wote. Mwaka 2010 Afrika Kusini ilitunga sheria ya usalama katika michezo na matukio ya hadhara, na chumba cha uongozi wa pamoja kikawa takwa la kisheria.

Hata hivyo, mkuu akishateuliwa, amri yake lazima isafiri. Inasafiri kwa simu ya upepo, na simu ya upepo haiwezi kufanya kazi bila masafa yaliyotengwa kwa ajili yake. Simu za mkononi hazitoshi. Umati wa makumi ya maelfu ukianza kupiga kwa wakati mmoja, minara hulemewa dakika ileile ambayo mwokoaji anaihitaji. Na katika miaka ya mgao mkali wa umeme, wakazi wa Johannesburg wameona jinsi mtandao unavyokufa mtaa mzima pindi betri za mnara zinapokwisha, au zinapokuwa zimeshaibwa.

Basi masafa ya waokoaji yatoke wapi? Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye antena za televisheni zilizo juu ya mapaa ya Troyeville yenyewe.

Televisheni ya Afrika Kusini ilianza kurusha matangazo rasmi tarehe 5 Januari 1976, ikiwa imechelewa sana kwa nchi yenye viwanda kama ile. Albert Hertzog, waziri wa posta na simu wa miaka ya 1960, aliipinga kwa nguvu zake zote, na mnara wa Brixton, wenye urefu wa mita 237 upande wa magharibi wa jiji, hapo mwanzo uliitwa kwa jina lake. Ilipokuja, televisheni ilipewa eneo kubwa la masafa. Bendi ya UHF ya matangazo ilianzia megahezi 470 hadi 862, chaneli 49 za megahezi 8 kila moja. Jumla ni megahezi 392, na ni katika sehemu bora kuliko zote.

Ubora huo unaonekana ukilinganisha namba. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi. Lile la megahezi 3,500, ambalo mitandao ya 5G hulitumia, halifiki sentimita 9. Ukituma yote mawili kwa nguvu sawa na antena za uwezo sawa, kwa umbali uleule, nguvu inayopokelewa kutoka lile fupi ni moja ya 25 tu ya lile refu, kabla hata ukuta haujaingia katikati. Zege, matofali na nondo huongeza hasara hiyo. Masafa ya chini zaidi ya hapo husafiri mbali zaidi, lakini hudai antena ndefu, na mtu aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni akipanda ngazi zenye moshi hawezi kubeba fimbo ya mita moja begani. Bendi ya televisheni imekaa mahali pazuri: wimbi lake linapenya jengo, na antena yake inaenea kwenye kifaa cha mkononi.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya bendi hiyo haikuwa na kitu. Televisheni ya analojia ni rahisi kuvurugwa. Vituo viwili vya jirani visingeweza kutumia chaneli moja, na ndani ya mji mmoja chaneli zinazopakana zilihitaji kuachiana nafasi. Kwa hiyo popote uliposimama, chaneli nyingi kati ya zile 49 zilikuwa kimya, zikiwa zimeachwa wazi kulinda picha za wengine. Dijitali ilibadili hesabu. Kwa teknolojia ya DVB-T2 iliyochaguliwa na Afrika Kusini, chaneli moja ya megahezi 8 hubeba vipindi kumi na zaidi. Simu ya upepo ya kawaida hutosheka na kilohezi 12.5. Gawanya megahezi 8 kwa kiasi hicho upate njia 640 za sauti. Nafasi ya kituo kimoja cha televisheni cha zamani ingeweza kutoshea mazungumzo ya zimamoto, ambulensi na polisi wa jiji zima, na ibaki.

Marekani iliiona hesabu hiyo mapema. Mwaka 1997 Bunge lake lilipitisha sheria ya kutoa megahezi 24 kutoka chaneli za 60 hadi 69 za televisheni na kuwapa watu wa usalama wa umma. Lakini vituo vya televisheni viliruhusiwa kukaa humo hadi mwisho wa 2006, na hata zaidi endapo nyumba nyingi zingekuwa bado hazina vipokezi vya dijitali. Kwa hiyo tarehe 11 Septemba 2001 New York iliposhambuliwa, masafa hayo yalikuwa ya waokoaji kwenye karatasi, hewani yakiwa ya televisheni. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo. Polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona kwamba mnara wa kaskazini unaelekea kuanguka, lakini onyo lao halikuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani, kwa sababu kila idara ilizungumza kwa redio zake. Ni haki kusema kwamba masafa peke yake yasingewaokoa. Uongozi uligawanyika, na majengo yale marefu yalimeza mawimbi. Ila tume iliyochunguza shambulio hilo, katika ripoti yake ya 2004, ililitaka Bunge liharakishe kuyatoa masafa hayo. Televisheni za analojia zilizimwa tarehe 12 Juni 2009, miaka 12 baada ya sheria ya kwanza.

Kenya ilipitia njia yake kwa uchungu. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Kikosi cha Recce cha polisi kilikuwa kimeshaingia wakati jeshi lilipofika, na katika mkanganyiko huo polisi walipigwa risasi na upande wa wenzao. Mwaka uliofuata serikali iliingia mkataba wa shilingi bilioni 14.9 na Safaricom, wa kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi na kamera 1,800 za usalama Nairobi na Mombasa. Masafa ya megahezi 800, yale yaliyokuwa yakiachwa na televisheni, yaliingia katika makubaliano hayo, na kampuni ikayatumia pia kwa 4G ya wateja wake. Bunge lilihoji mkataba, na lilikuwa na sababu. Masafa ni mali ya umma. Serikali inapoyakabidhi kwa mfanyabiashara ili awahudumie polisi, mwananchi ana haki ya kujua ni nani atapewa kipaumbele siku mtandao utakapolemewa. Pamoja na hayo, Kenya ilifanya jambo ambalo Afrika Kusini haijalifanya: iliufungamanisha usalama wa watu na masafa ya televisheni palepale yalipokuwa yakiachwa.

Kule Johannesburg masafa hayo bado yanavutaniwa. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yalizipa nchi za Afrika, Ulaya na majirani zao hadi tarehe 17 Juni 2015 kuhama analojia. Tanzania ilikuwa imeanza kuzima mitambo Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani. Afrika Kusini ilipitisha tarehe moja baada ya nyingine. Machi 2022 mamlaka ya mawasiliano, ICASA, iliendesha mnada wa masafa uliokusanya randi bilioni 14.4, na sehemu ya bidhaa iliyouzwa, bendi za megahezi 700 na 800, ilikuwa bado na televisheni ndani yake. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ilibatilisha tarehe ya kuzima kwa sababu waziri hakuwashirikisha wananchi ipasavyo. Ikapangwa tarehe 31 Machi 2025. Siku nne kabla yake, Mahakama Kuu ya Pretoria ikaizuia, baada ya kituo cha televisheni cha e.tv na mashirika ya kiraia kulalamika kwamba kaya nyingi za watu maskini hazijapata ving'amuzi.

Mahakama zilikuwa sahihi. Mtu anayeishi chumba kimoja Troyeville au Jeppestown, akitegemea televisheni yenye antena ya waya kupata habari za mafuriko, umeme na uchaguzi, hawezi kuzimiwa eti kwa sababu kampuni za simu zimeshalipa. Kosa ni la serikali iliyoahidi ving'amuzi kwa miaka na kuvigawa kwa kusuasua. Lakini gharama ya kuchelewa kule haikuishia kwa kampuni za simu. Waokoaji nao wanangoja, na katika mabishano yote hayo sauti yao imesikika kidogo mno.

Polisi wa jimbo la Gauteng wana mtandao wa TETRA, wa kidijitali na salama kwa sauti. Ni mtandao mzuri kwa kazi uliyobuniwa, ila haukuundwa kubeba video, ramani ya jengo wala picha ya joto inayoonyesha moto umejificha nyuma ya ukuta gani. Mambo hayo yanadai nafasi pana, na katika masafa ya chini, nafasi pana imo kwenye bendi ya televisheni.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso, mtaa wa Marshalltown, kilomita chache kutoka Troyeville, liliungua na kuua watu 76. Lilikuwa jengo la manispaa, lililogeuka makazi ya watu wasio na pa kwenda, wakiwemo Watanzania na Wamalawi. Watu hawakufa kwa sababu ya redio. Mageti yalifungwa, vyumba viligawanywa kwa mbao na makaratasi, na vifaa vya kuzimia moto havikuwepo. Nalitaja kwa sababu ya kile kinachomkuta zimamoto aingiapo jengo la namna hiyo: ghorofa za zege zisizo na ramani, mamia ya watu wasioandikishwa popote, giza, na kamanda aliye barabarani asiyeona kinachoonekana juu. Katikati ya Johannesburg kuna majengo mengi yaliyotekwa, yaani yanayokaliwa bila idhini ya wenyewe, yanayofanana na lile.

Wapo wanaosema tusingoje televisheni izimwe. Tutumie zile chaneli zilizo kimya tangu sasa. Afrika Kusini ina historia nzuri hapo. Mwaka 2013 shule kumi za Cape Town ziliunganishwa na intaneti kupitia chaneli tupu za televisheni, kwa mitambo iliyowekwa kampasi ya Tygerberg ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na watazamaji wa televisheni hawakuvurugwa. Mwaka huohuo Kenya ilijaribu teknolojia hiyo karibu na Nanyuki. Mwaka 2018 ICASA ilichapisha kanuni zake. Kifaa huuliza hifadhidata: nipo hapa, chaneli ipi ni tupu, na niruhusiwe nguvu kiasi gani? Hakiachiwi kusikiliza hewa na kujiamulia, na vilima vya mashariki mwa Johannesburg vinaonyesha sababu. Kifaa kilicho nyuma ya kilima kinaweza kusikia ukimya kwenye chaneli ambayo antena iliyo juu ya paa, upande wa pili, inaipokea vizuri. Kikianza kurusha, kinaharibu picha ya jirani kisiyemwona.

Tatizo liko kwenye hadhi ya mtumiaji. Anayetumia chaneli tupu ni mpangaji asiye na mkataba: hakingwi dhidi ya kuvurugwa, na mwenye chaneli akirudi, anaondoka. Kwa intaneti ya shule hilo linavumilika. Kwa amri ya kutoka ndani ya jengo linaloporomoka halivumiliki. Chaneli tupu zinaweza kuunganisha gari la uongozi na makao makuu kwa saa kadhaa, au kuwa njia ya akiba ya kituo cha zimamoto. Sauti ya mwokoaji inataka masafa yake, yenye jina lake kwenye leseni.

Korea Kusini ilizima analojia mwishoni mwa 2012, na kampuni za simu na vituo vya televisheni vikaanza kugombea bendi ya megahezi 700. Tarehe 16 Aprili 2014 feri ya Sewol ilizama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi. Kabla mwaka haujaisha, megahezi 20 za bendi hiyo zilikuwa zimetengwa kwa mtandao wa taifa wa waokoaji. Ufaransa ilipita njia nyingine. Katika bendi hiyohiyo kuna vipande vya pembezoni na vya katikati ambavyo mpango wa kampuni za simu huviacha wazi, na Ufaransa ilichukua jozi mbili humo, megahezi 698 hadi 703 pamoja na 753 hadi 758, kisha 733 hadi 736 pamoja na 788 hadi 791, ikazitenga kwa polisi, zimamoto na huduma za dharura. Jumla ni megahezi 16, bila kugusa zile zinazouzwa kwa kampuni za simu.

Afrika Kusini inafuata mpangilio wa kimataifa uleule katika bendi ya 700, na vipande hivyo viko nje ya zile jozi ambazo kampuni za simu huzinunua. Mkutano wa redio wa dunia wa mwaka 2015 umeshaelekeza kwamba masafa kati ya 694 na 894 yafikiriwe kwa mawasiliano ya dharura, kwa hiyo vifaa vipo madukani na havihitaji kubuniwa. Tarehe mpya ya kuzima analojia itakapopangwa, tangazo lilelile linaweza kutaja kaya zitakazopewa ving'amuzi kwanza na megahezi zitakazobaki kwa waokoaji. Kazi hiyo ni ya ICASA na waziri wa mawasiliano, na wanaweza kuianza sasa, antena za Troyeville zikiwa bado zinapokea picha za analojia.